Meza ya Ngozi: Asubuhi uso unavuta, adhuhuri unang'aa

Safari hii tumechagua barua saba. Majina ni yale waliyojipa wenyewe waliotuandikia.

Ngozi yangu ni ya aina gani hasa?

*Nikimaliza kunawa, uso unavuta kama ngozi ya ngoma. Ikifika saa sita mchana, paji na pua vinang'aa mafuta. Nanawa mara nne kwa siku kwa sabuni ya kipande, na losheni niliacha zamani kwa kuogopa kuongeza mafuta juu ya mafuta. Hii ni ngozi kavu au ya mafuta?*
*– Ngozi ya Ngoma*

Hapo kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje. Ukavu ni uhaba wa mafuta: tezi zilizo ndani ya ngozi hutoa machache, na hilo hutegemea zaidi urithi, umri na homoni. Kukosa maji ni jambo jingine, na linaweza kuipata ngozi yoyote, hata ile inayotiririka mafuta. Wewe unaelekea kuwa na ngozi ya mafuta, au mchanganyiko, iliyokaushwa maji kwa kunawa kupita kiasi.

Sabuni ndiyo ya kulaumiwa. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH ya 5 hivi (pH ni kipimo cha uasidi: namba ikishuka, uasidi unaongezeka), na sabuni ya kipande ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Ikipita usoni haichagui. Inaondoa jasho na vumbi, na inaondoka pia na yale mafuta yaliyoziba nafasi kati ya seli za ngozi, ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasitoroke. Ndiyo maana uso unavuta. Tezi kwa upande wao hazina habari na sabuni yako. Zinafuata homoni na kuendelea kutoa mafuta, kwa hiyo baada ya saa chache unang'aa juu huku chini bado umekauka. (Utaambiwa kwamba ngozi iliyokaushwa "hulipiza" kwa kutoa mafuta maradufu. Maelezo hayo yanapendwa sana, ila ushahidi wake ni mdogo.)

Usipime leo, maana ngozi iliyochoshwa hutoa majibu ya uongo. Kwa wiki mbili nawa asubuhi na usiku tu, kwa sabuni ya maji ya uso isiyo na manukato, na upake losheni nyepesi kila baada ya kunawa. Kama pH imeandikwa kwenye chupa, tafuta ya karibu 5.5. Halafu chagua siku ambayo hutoki jasho. Nawa kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, na usipake kitu chochote kwa saa nzima. Chukua karatasi ya tishu, ichane vipande vinne, gandamiza kila kimoja kwa sekunde kumi: paji, pua, kidevu, shavu. Kisha viinue kwenye mwanga.

Vyote vikiwa na doa linalopitisha mwanga, ngozi ni ya mafuta. Doa likiwa kwenye paji, pua na kidevu lakini shavuni hakuna, ni mchanganyiko, na watu wengi huangukia hapa. Hakuna doa popote na uso unavuta, au una magamba madogo pembeni mwa pua: ni kavu. Hakuna doa la maana na uso umetulia: ni ya kawaida. Ngozi nyeti hatukuitaja kwa sababu si aina ya tano. Ni wepesi wa kuchomwa na kuwashwa, na unaweza kuambatana na yoyote kati ya hizo. Hali ya hewa ikibadilika, pima tena.

Ukishajua, kinachobadilika zaidi ni uzito wa unachopaka. Ngozi ya mafuta inapenda jeli au losheni nyepesi yenye glisirini au asidi ya hailuroniki, vitu vinavyovuta maji. Ngozi kavu inataka krimu nzito yenye keramidi, mafuta ya aina ile yanayoziba nafasi kati ya seli, ipakwe uso ukiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu hivi baada ya kunawa. Asubuhi inaweza kunawa kwa maji matupu. Mwenye mchanganyiko anaruhusiwa kabisa kupaka vitu viwili, jeli kwenye paji na pua, krimu mashavuni.

Chupa tisa, na sasa hata maji yanachoma

*Nina retino, vitamini C, asidi mbili, niasinamidi, tona, skrabu na krimu mbili. Nilianza zote ndani ya wiki moja. Uso unang'aa ajabu, unabanduka, na nikijimwagia maji tu unachoma. Nianze na ipi, nimalizie na ipi?*
*– Chupa Tisa*

Kwa sasa, krimu moja tu, ile isiyo na manukato. Nyingine zote ziweke kabatini.

Uso unaochomwa na maji umepoteza utando wake wa kinga. Huo mng'ao unaousema, wa kama plastiki iliyovutwa, ndiyo dalili tunayoifahamu zaidi: tabaka la juu limechubuliwa likabaki jembamba na laini isivyo kawaida. Ukiendelea kupaka asidi hapo utavuna uvimbe, na kwenye ngozi nyeusi kila uvimbe huweza kuacha doa linalokaa miezi.

Kwa wiki mbili hadi nne, asubuhi suuza kwa maji ya vuguvugu, paka krimu, kisha losheni ya kukinga jua. Usiku nawa kwa sabuni laini, paka krimu, na sehemu zinazochoma zaidi ongeza utando mwembamba wa petroli jeli. Utajua umepona siku tatu au nne mfululizo zikipita bila krimu kuchoma, magamba yakiwa yameisha na ule mng'ao umetoweka. Kama wiki ya pili inaisha na hali ni ileile, au uso umevimba na kutoa maji, nenda kwa daktari wa ngozi.

Ukishapona, rudisha chupa moja, kaa nayo wiki tatu au nne, ndipo uguse ya pili. Ukirudisha mbili kwa pamoja na vipele vikatoka, hutajua mwizi ni nani. Kila kinachorudi kijaribu kwanza chini ya taya, mahali palepale, mara mbili kwa siku kwa siku saba.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi: kilicho chepesi kama maji kitangulie, kizito kifuate, na kinga ya jua iwe ya mwisho asubuhi. Kwa hiyo asubuhi ni kunawa, vitamini C kama unaitumia (matone matatu au manne), krimu, kinga ya jua. Vitamini C iliyokuwa angavu ikageuka kahawia imeshaharibika, itupe. Usiku ni kunawa, dawa ya usiku huo kama ipo, krimu. Ukiwa umepaka vipodozi au kinga ya jua isiyotoka kwa maji, lainisha kwanza kwa mafuta ya kusafishia uso, suuza, ndipo uingie na sabuni. Sabuni iwe ya ukubwa wa punje ya njegere, na usugue kwa ncha za vidole huku ukihesabu hadi sitini. Wengi huishia kumi, tena mashavuni tu, na kuisahau mikunjo ya pua na mstari wa nywele.

Retino, ambayo ni ya jamii ya vitamini A, inahitaji uangalizi kuliko zote. Anza na usiku mbili kwa wiki. Ngoja uso ukauke kabisa, kwani ngozi yenye maji huifyonza haraka na kuchomeka. Paka petroli jeli kidogo kwenye pembe za mdomo na za pua, maana ndipo huchubuka kwanza. Kamua punje moja ya njegere, hiyo ni ya uso mzima, igawe nukta tano (paji, pua, mashavu mawili, kidevu) kisha ieneze, kope uziache. Krimu ifuate. Mwenye ngozi kavu au nyeti apake krimu kabla na baada. Nguvu hupungua kidogo lakini uso unavumilia. Baada ya wiki tatu bila tatizo, ongeza usiku wa tatu. Usiku wa retino usipake asidi yoyote ya kubandua ngozi. Niasinamidi, aina ya vitamini B3, haina ugomvi na karibu chupa yoyote, na asilimia 5 inatosha. Asilimia 10 huwawasha wengi bila faida inayoonekana.

Skrabu hiyo usiirudishe usoni, itumie kwenye visigino. Tona pia huihitaji: ilikuwa na kazi enzi za kuondoa mabaki ya sabuni kali.

Chunusi na ndimu

*Shikamooni. Nina miaka 16. Nina chunusi kwenye paji na mashavuni, na naambiwa ni uchafu. Kila usiku nasugua kwa dodoki, napaka maji ya ndimu. Zinazidi. Nifanyeje?*
*– Kijana wa Paji*

Marahaba, mwanetu. Chunusi si uchafu. Ndani ya kitundu cha unywele, seli zilizokufa hugandamana na mafuta na kuwa kizibo, bakteria waishio humo huongezeka, na mwili hujibu kwa uvimbe. Hata ule weusi unaouona kwenye vitundu vya pua si vumbi. Ni kizibo kilichobadilika rangi kwa kukutana na hewa. Dodoki haliwezi kufika huko. Linachofanya ni kupasua chunusi zilizovimba na kusambaza uvimbe. Ndimu ina pH ya 2 hivi, inaunguza, na jua likiipata ikiwa usoni inaweza kuacha malengelenge na madoa.

Vyote viwili viache leo. Nawa mara mbili, na mara moja zaidi ukitoka jasho jingi michezoni. Kwa matumizi ya usiku, mwulize mfamasia benzoili peroksidi ya asilimia 2.5, dawa ya chunusi ya kupaka. Usishawishike na ya 10: inakausha zaidi na haiponyi zaidi. Ipake utando mwembamba kwenye eneo lote linalotoka chunusi, usidonoe kipele kimoja kimoja, kwani kile cha wiki ijayo tayari kinajengeka chini na hakionekani. Anza kwa kupaka usiku mmoja na kuruka unaofuata. Fuatisha losheni nyepesi. Tumia taulo na foronya nyeupe, maana dawa hii huondoa rangi ya vitambaa. Baada ya miezi miwili, kama vizibo vidogo vidogo bado vimejaa, adapalini ya asilimia 0.1, ndugu wa retino, ndiyo hatua inayofuata, nayo huanzwa pole pole kama tulivyoeleza retino hapo juu.

Sasa subira. Wiki nane hadi kumi na mbili ndipo utaona tofauti ya kweli. Wengi huacha wiki ya tatu, wakahamia dawa nyingine, wakaacha tena wiki ya tatu.

Paji lina jambo lake pia. Mafuta ya nywele hushuka, hasa usiku, na kuziba vitundu kwenye mstari wa nywele. Yapake mbali na paji, na ufue foronya kila wiki. Na kama vipele vya paji vyote ni vidogo, vya saizi moja, tena vinawasha, huenda ni fangasi wa vinyweleo na si chunusi. Dawa yake ni nyingine kabisa, kwa hiyo vionyeshwe. Vivyo hivyo uvimbe mkubwa unaouma kwa ndani, au unaoacha mashimo: mwambie mzazi akupeleke kwa daktari mapema, kwa sababu kovu likishakaa huwa gumu kuondoa.

Mweusi naye apake kinga ya jua?

*Mimi ni mweusi tii, kazi yangu ni ya ofisini kando ya dirisha kubwa. Nina madoa meusi ya chunusi za zamani ambayo hayaishi. Losheni za jua huniacha na rangi ya majivu, na nikipaka juu ya krimu hujikunja vipande kama makombo ya kifutio. Ni lazima?*
*– Wa Dirishani*

Kwa sababu ya madoa hayo, ndiyo. Melanini inakukinga kweli: ngozi nyeusi sana hukadiriwa kuwa na kinga ya SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya miale ya jua inayobabua, UVB), ndiyo maana hubabuki upesi. Lakini madoa hayangoji ubabuke. Miale mingine ya jua isiyoonekana, UVA, hupenya kioo cha kawaida cha dirisha, mwanga tunaouona kwa macho nao hupenya, na vyote viwili huichochea ngozi nyeusi itengeneze rangi zaidi pale palipokwisha kujeruhiwa. Unaweza kupaka seramu ya kuondoa madoa kila usiku, na dirisha likakurudishia kila mchana.

Majivu hayo hutokana na oksidi ya zinki na titani dioksidi, poda nyeupe zinazokaa juu ya ngozi. Tafuta losheni yenye rangi inayokaribia yako: rangi hiyo ni oksidi za chuma, na ndizo zinazozuia mwanga wa kawaida, kazi ambayo losheni nyeupe au angavu haiifanyi vizuri. Kwako wewe mwenye madoa hiyo ndiyo chaguo letu la kwanza.

SPF 30 huzuia asilimia 97 hivi ya miale ya UVB, SPF 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo, ila namba hizo hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na watu karibu wote hupaka pungufu. Kamua mistari miwili kamili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati: hiyo ni ya uso na shingo. Ikiwa nyingi mno kwa mkupuo, paka kidole kimoja, ngoja dakika mbili, paka cha pili. Masikio yasisahaulike. Ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili, au mara tu ukitoka jasho.

Makombo hutokea unaposugua juu ya krimu ambayo haijakauka. Punguza krimu, ngoja dakika tano, kisha ipake losheni kwa kugandamiza na viganja badala ya kusugua. Kama ngozi yako ni ya mafuta, siku nyingine losheni ya jua yenyewe inatosha, krimu iruke.

Mama mtarajiwa

*Nina mimba ya miezi mitatu. Nini niache?*

Hongera, mama. Acha retino na ndugu zake wote, adapalini ikiwemo, pamoja na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa. Asidi ya salisiliki ya nguvu inayopakwa eneo kubwa iache pia. Iliyo ndani ya sabuni ya kusuuza kwa kawaida haina tatizo. Niasinamidi, vitamini C na asidi ya azelaiki vinaruhusiwa, na hii ya mwisho husaidia chunusi na madoa kwa pamoja. Madoa ya ujauzito hukolezwa na jua, kwa hiyo soma jibu lililotangulia. Kliniki, mtajie mkunga au daktari kila unachopaka.

Krimu iliyosafisha uso kwa siku tano

*Rafiki alinipa krimu kwenye kopo lisilo na lebo. Siku ya tano uso ulikuwa safi, mweupe, laini. Nimeipaka miezi minane. Nikiacha siku mbili, uso unawaka moto na vipele vinajaa kuzunguka mdomo. Naogopa.*
*– Kopo Jeupe*

Dada, hakuna dawa halali ya madoa inayofanya kazi kwa siku tano. Seli za ngozi huchukua mwezi au zaidi kupanda kutoka chini hadi juu. Kasi hiyo, na moto unaowaka ukiacha, vinaelekea kwenye steroidi kali, dawa ya kuzima uvimbe, na huo ndio utegemezi wenyewe: krimu imezima uvimbe kwa miezi, ukiiondoa unarudi kwa fujo. Ikiendelea, ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huonekana mashavuni, na vinyweleo huota usoni.

Lichukue kopo, usilitupe, uende nalo kwa daktari wa ngozi wiki hii. Baada ya miezi minane kuacha kunahitaji kusimamiwa. Huenda akakupunguzia nguvu hatua kwa hatua na kukupa dawa ya kumeza. Mpaka hapo tumia maji, krimu tupu na kofia pana, na usiongeze chochote kingine. Mwambie pia akupime zebaki, kwa sababu mikorogo ya namna hii huwa nayo mara nyingine, nayo huharibu figo na huweza kuhamia kwa mtoto unayemkumbatia au mnayetumia taulo moja. Tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, nchi nyingi zimejifunga kuiondoa kwenye vipodozi, lakini kopo lisilo na lebo halisomi mikataba.

Wenye makopo yenye lebo, haya ndiyo maneno ya kutafuta, yanavyoandikwa: clobetasol na betamethasone (steroidi), mercury na calomel (zebaki). Na kama maelezo yanakuonya uvue pete na mikufu ya dhahabu au fedha kabla ya kupaka, hiyo ni ishara ya zebaki.

Kopo likishafunguliwa linakaa muda gani?

Geuza chupa utafute mchoro mdogo wa kopo lililofunuliwa, wenye namba na herufi M. 6M ni miezi sita tangu kufunguliwa, 12M ni mwaka. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito chini ya kopo, na krimu ya kopo pana ichote kwa kijiko kidogo kisafi. Losheni ya jua iliyoachwa ndani ya gari juani usiitegemee hata kama tarehe haijapita. Ukiiona imejitenga, maji huku na mafuta kule, itupe.